Mnyororo, Theodolaiti na Mulamula: Zana za Kupima Ardhi Katika Historia ya Uganda

Utangulizi

Historia ya ardhi nchini Uganda huandikwa kwa majina ya wakubwa. Tunasoma habari za makabaka, magavana, mikataba na sheria. Katika miaka yangu ya kusoma historia na Kiswahili chuoni nimesikia sana habari za Mkataba wa Uganda wa mwaka 1900, lakini ni mara chache nimesikia mtu akiuliza swali dogo: hizo maili za mraba zilizogawanywa zilipimwa na nani, na zilipimwa kwa kitu gani? Ardhi haijigawi yenyewe. Lazima awepo mtu wa kuingia kwenye kinamasi, mtu wa kushika ncha ya mnyororo, mtu wa kuchungulia ndani ya darubini na mtu wa kuandika namba daftarini.

Katika insha hii nitaeleza zana zilizotumika kupima ardhi na kuweka mipaka nchini kwetu, hasa Buganda, tangu wakati wa miti ya mipaka mpaka wakati wa mnyororo na theodolaiti. Nitaonyesha jinsi kila chombo kilivyofanya kazi, kwa sababu bila kuelewa chombo hatuwezi kuelewa matokeo yake. Hoja yangu ni kwamba zana hizi zilipima vizuri kile zilichotumwa kupima. Tatizo kubwa tulilorithi limetokana na kile ambacho hakuna aliyezituma kukipima, yaani mashamba ya watu wa kawaida waliokuwa wakiishi juu ya ardhi hiyo.

Mipaka kabla ya mnyororo

Si kweli kwamba Waganda hawakuwa na mipaka kabla ya Waingereza. Mipaka mikubwa ilifuata maumbile ya nchi. Buganda ni nchi ya vilima vingi vyenye migongo bapa, na kati ya kilima na kilima kuna bonde lenye kinamasi cha mafunjo. Kilima kimoja mara nyingi kilikuwa kijiji kimoja, na kinamasi kilikuwa mpaka ambao hauhitaji kuelezwa. Mtoto aliyetumwa kuchota maji alijua kwamba ng'ambo ya mafunjo ni kwa watu wengine.

Mipaka midogo, ya shamba kwa shamba, iliwekwa kwa mimea. Mmea maarufu kuliko yote ni mulamula. Ni mmea wa jamii ya dresina, wenye majani marefu ya kijani yanayoning'inia kama tai za shingoni. Ukikata kijiti chake na kukichomeka ardhini, kinaota. Ng'ombe na mbuzi hawauhangaikii, haufi upesi wakati wa kiangazi, na ukikatwa juu huchipua tena chini. Jina lake lenyewe lina maana. Katika Luganda, kulamula ni kuamua shauri, na mulamuzi ni mwamuzi au hakimu. Kwa hiyo mmea huu ni mwamuzi anayesimama kati ya majirani mchana na usiku, bila kula rushwa. Pamoja na mulamula ulipandwa pia mutuba, mti ambao magome yake hutengenezwa nguo inayoitwa olubugo. Wasomaji wa Tanzania hawatashangaa kusikia haya, kwani Wachagga wa Kilimanjaro nao hutumia masale, mmea wa jamii hiyohiyo, kuonyesha mipaka, na pia hutumia jani lake kuomba msamaha na kuleta amani.

Vipimo vya urefu vilitokana na mwili wa binadamu. Watu walipima kwa nyayo, kwa hatua na kwa urefu wa mikono iliyonyooshwa. Waswahili wa pwani nao walikuwa na vipimo vya namna hiyo: shibiri, ambayo ni urefu kutoka ncha ya kidole gumba mpaka ncha ya kidole kidogo, dhiraa, kutoka kwenye kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati, na pima, ambayo ni mikono miwili iliyonyooshwa. Kipimo cha mwili kina faida moja kubwa: hakisahauliki nyumbani. Lakini kina udhaifu wake, kwa sababu hatua ya mtu mrefu si hatua ya mtu mfupi. Kati ya majirani udhaifu huo haukuwa na shida sana, kwa kuwa hakuna aliyehitaji kujua ukubwa wa shamba kwa namba. Walichohitaji kujua ni shamba linaishia wapi, na jibu la swali hilo lilikuwa mulamula pamoja na kumbukumbu za wazee.

Mkataba wa 1900: namba kabla ya kipimo

Tarehe 10 Machi 1900 mkataba ulitiwa saini kati ya Serikali ya Uingereza na Buganda. Upande wa Waingereza alikuwepo Harry Johnston. Kabaka Daudi Chwa alikuwa bado mtoto mdogo, kwa hiyo walioongoza upande wa Buganda walikuwa watawala wa niaba watatu: Apolo Kagwa, Stanislas Mugwanya na Zakaria Kisingiri. Kifungu cha 15 kiligawa ardhi yote ya Buganda kwa maili za mraba. Kabaka alipewa maili za mraba 350. Machifu na wenye ardhi binafsi 1,000 walipewa maili za mraba 8,000, yaani wastani wa maili 8 kwa kila mmoja. Misitu, ambayo ilikadiriwa kuwa maili 1,500, iliwekwa chini ya Serikali ya Uingereza. Nchi iliyoitwa pori na isiyolimwa, maili 9,000, nayo ikawekwa chini ya serikali hiyo. Jumla ya nchi yote iliandikwa kuwa maili za mraba 19,600.

Hapa ndipo mwanafunzi wa historia anapaswa kusimama na kuuliza. Mwaka 1900 hakuna mtu aliyekuwa ameipima Buganda. Namba 19,600 ilikuwa makadirio. Waandishi wa mkataba walijua jambo hilo, ndiyo maana waliweka sharti: upimaji ukikamilika na nchi ikaonekana kuwa ndogo kuliko maili 19,600, upungufu huo utatolewa katika sehemu ya Serikali ya Uingereza. Na kweli, nchi ilipopimwa ilionekana kuwa ndogo kuliko namba ile. Kwa maneno mengine, watu walikata keki kwanza, kisha wakaenda kutafuta keki hiyo ina ukubwa gani.

Tena orodha ya watu 1,000 haikubaki 1,000. Lukiiko, yaani baraza la Buganda, ndilo lililopewa kazi ya kugawa, na waliopata ardhi mwishoni walikuwa zaidi ya 3,000. Kila mmoja alijichagulia mahali. Bila shaka alichagua mahali penye rutuba na penye watu, wala si kwenye kinamasi. Wapima ardhi wakakuta madai yanayopandana, vipande vilivyotawanyika katika wilaya mbalimbali, na majina ya vilima ambavyo havikuwa kwenye ramani yoyote.

Namna mnyororo ulivyofanya kazi

Kipimo cha maili, eka na futi kilikuja na zana zake. Zana ya msingi ya wapima ardhi wa Kiingereza ilikuwa mnyororo uliobuniwa na Edmund Gunter, mwanahisabati wa Uingereza, mwaka 1620. Wengi wakisikia neno mnyororo hufikiria mfungwa au baiskeli. Mnyororo huu ulikuwa na vipande 100 vya waya mnene vilivyounganishwa kwa pete ndogo, na urefu wake wote ulikuwa futi 66, karibu mita 20. Kila baada ya vipande kumi kulikuwa na kibati cha shaba chenye meno. Jino moja lilimaanisha kipande cha 10, meno mawili kipande cha 20, na kadhalika, mpaka kibati cha mviringo cha katikati kilichomaanisha 50. Hata mtu asiyejua kusoma aliweza kuhesabu kwa kupapasa.

Kwa nini futi 66 na si 50 au 100? Gunter alikuwa na akili ya biashara. Minyororo 80 ni maili moja kamili. Eneo lenye urefu wa mnyororo mmoja na upana wa mnyororo mmoja, likizidishwa mara 10, ni eka moja kamili. Kwa hiyo mpima ardhi aliweza kuzidisha urefu kwa upana, akagawanya kwa 10, na jibu likatoka kwa eka bila kuhangaika na inchi na futi. Maili moja ya mraba ina eka 640.

Kazi ya mnyororo ilihitaji watu wawili. Wa mbele alibeba vijiti kumi vya chuma vilivyofungwa vitambaa vyekundu ili vionekane majanini. Alivuta mnyororo hadi ukanyooka, akachomeka kijiti, akaendelea. Wa nyuma alifika kwenye kijiti, akashikilia ncha ya mnyororo hapo, kisha akakiokota kijiti. Vijiti vyote kumi vilipokuwa mikononi mwa wa nyuma, walijua wamepita minyororo kumi; waliandika, wakarudishiana vijiti, wakaanza upya. Fito zilizopakwa rangi nyekundu na nyeupe zilisimamishwa mbele ili mstari usipinde. Kwenye mteremko mnyororo haukulazwa juu ya ardhi, kwa sababu ramani hupima umbali wa usawa, wala si urefu wa mgongo wa kilima. Ulishikwa juu ukawa sawasawa, na timazi ikateremshwa kuonyesha mahali pa kuchomeka kijiti. Walishuka hivyo hatua kwa hatua, kama mtu anayeshuka ngazi.

Tujaribu kukadiria ukubwa wa kazi hiyo. Shamba la maili 8 za mraba ni eka 5,120. Kama lingekuwa mraba kamili, kila upande ungekuwa na karibu maili 2.8, na kulizunguka lote kungehitaji kulaza mnyororo mara 905 hivi. Hilo ni shamba moja tu, tena lenye umbo rahisi. Mashamba halisi yalifuata vinamasi na mito, yenye pembe nyingi zisizo na mpangilio. Ukiwaza mafunjo yanayomzidi mtu urefu, matope, mbu na mvua za Machi na Aprili, hutashangaa kwamba kazi iliyoandikwa kwa aya chache mwaka 1900 ilifika miaka ya 1930 kabla haijaisha. Wakati wa kusubiri, wenye mailo wengi walikuwa na vyeti vya muda tu.

Mnyororo ulikuwa pia na maradhi yake. Ukivutwa kila siku, pete zake hulika na kupanuka, na mnyororo hurefuka. Waya zake zikipinda, hufupika. Tuchukue mnyororo uliorefuka kwa kipande kimoja tu kati ya 100. Kosa hilo ni dogo, chini ya inchi 8. Lakini kwenye eneo kosa huingia mara mbili, kwenye urefu na kwenye upana. Mtu aliyepimiwa eka 5,120 kwa mnyororo huo angepata kweli karibu eka 5,223. Angeongezewa zaidi ya eka 100 bila kuomba wala kuiba, na jirani yake au serikali ingepoteza. Ndiyo sababu mpima ardhi makini alilinganisha mnyororo wake mara kwa mara na kipimo cha uhakika, na ndiyo sababu baadaye ukanda wa chuma, ambao hauna pete za kulika, ulichukua nafasi ya mnyororo.

Theodolaiti na hesabu za pembetatu

Mnyororo peke yake hautoshi kupima nchi. Makosa madogo hukusanyika, na ziwa halivukwi kwa mnyororo. Hapo ndipo theodolaiti inapoingia. Ni darubini ndogo iliyosimama juu ya miguu mitatu, yenye duara mbili zilizochongwa digrii: moja imelala kwa ajili ya kupima pembe za upande, nyingine imesimama kwa ajili ya kupima pembe za juu na chini. Pimamaji yenye kiputo cha hewa huonyesha kama chombo kimekaa sawa, na timazi huning'inia chini ya chombo juu ya alama iliyoko ardhini.

Nguvu ya theodolaiti imo katika sheria moja ya hisabati tunayofundishwa sekondari. Ukijua urefu wa upande mmoja wa pembetatu na pembe zake mbili, unaweza kuhesabu pande nyingine mbili bila kuzikanyaga. Kwa hiyo wapimaji walipima mstari mmoja kwa uangalifu mkubwa sana, wakauita msingi. Kisha walipanda vilima, wakapima pembe kutoka kilele hadi kilele. Kila pembetatu ilizaa nyingine. Nchi ya vilima kama Uganda, ambayo ni mateso kwa mshika mnyororo, ni neema kwa mwenye theodolaiti.

Mfano mkubwa wa kazi hiyo barani Afrika ni upimaji wa mstari wa longitudo ya 30 mashariki. Wazo lilitoka kwa David Gill, mwanaastronomia aliyefanya kazi Rasi ya Tumaini Jema, aliyetaka mnyororo wa pembetatu uanzie Afrika Kusini mpaka Misri. Sehemu ya Uganda ilipimwa mwaka 1908 na 1909. Kazi nzima ilikamilika mwaka 1954. Mpaka leo wapima ardhi wa Uganda, Kenya na Tanzania wanajua mfumo unaoitwa Arc 1960, uliojengwa juu ya kazi hiyo. Tunapozungumzia umoja wa Afrika Mashariki tunataja reli, shilingi na Kiswahili. Tunasahau kwamba vilima vyetu viliunganishwa pia kwa pembetatu.

Mstari wa digrii moja

Kabla sijarudi Buganda, nataka kutaja mpaka mmoja unaowagusa majirani zetu. Mwaka 1890 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kwamba magharibi ya Ziwa Viktoria mpaka wao ufuate latitudo ya digrii 1 kusini. Ulaya ulikuwa mstari wa rula juu ya karatasi. Hapa kwetu ilibidi utafutwe ardhini, na mwaka 1902 hadi 1904 tume ya Waingereza na Wajerumani ilifanya kazi hiyo.

Latitudo haionekani ardhini, lakini inaonekana angani. Mpimaji hungoja usiku, huelekeza darubini kwenye nyota ambayo mahali pake panajulikana katika majedwali, na hupima pembe yake inapovuka mstari wa kaskazini na kusini. Kutokana na pembe hiyo hujua yuko umbali gani kutoka ikweta. Digrii moja ina dakika 60, na dakika moja ina sekunde 60. Ukikosea kwa sekunde moja tu, mpaka wako umehama karibu mita 30, na mita 30 ni nyumba, ni kisima, ni migomba ya mtu.

Mstari huo haukufuata mto Kagera. Uliacha eneo la kaskazini ya mto upande wa Tanganyika, na watu wanaoelewana lugha wakatengwa na latitudo. Mwezi wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia eneo hilo, naye akatangaza kwamba mpaka wa kweli ni mto. Vita vilivyofuata vilifika Kampala mwezi wa Aprili 1979. Siwezi kusema kwamba theodolaiti ilileta vita. Vita vililetwa na mtu. Lakini mpaka ambao wenyeji hawakuuchagua ulimpa kisingizio.

Kile ambacho ramani haikuonyesha

Sasa nirudi kwenye hoja yangu. Wapimaji wa mailo walitumwa kupima mashamba ya wenye vyeti. Walisimamisha mawe ya mipaka, wakachora ramani, wakahesabu eka. Kazi yao ilikuwa nzuri, na mengi ya mawe hayo yangali yanatafutwa na kuaminiwa. Lakini ndani ya shamba moja la mailo kulikuwa na makumi au mamia ya familia zenye vibanja vyao, migomba yao, makaburi ya wazee wao na mulamula zao. Ramani haikuwaonyesha. Kwa macho ya ramani, eka 5,120 zilikuwa na mtu mmoja.

Malalamiko yalianza mapema. Miaka ya 1920 wakuu wa koo, waitwao bataka, walilalamika kwamba ardhi ya makaburi ya koo zao ilikuwa imegawiwa wengine. Wakulima nao walilalamika juu ya kodi. Sheria ya Busuulu na Envujjo ya mwaka 1928 iliweka kikomo cha kodi, busuulu ikawa shilingi 10 kwa mwaka, na ikamlinda mkulima asifukuzwe ovyo. Mwaka 1975 amri ya serikali ya Amin ilifuta mailo. Katiba ya mwaka 1995 ikairudisha, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 ikatambua haki za wakaazi wa vibanja. Lakini sheria ilitambua haki ambazo ramani haina. Hakimu anaposema fulani ana haki juu ya kibanja chake, swali linalofuata ni: kibanja hicho kinaanzia wapi na kinaishia wapi?

Jambo hili nimeliona nyumbani. Jjajja yangu, mama yake mama, ana kibanja katika ardhi ya mailo ambayo mwenyewe alifariki na warithi wakaiuza. Mwaka juzi, nikiwa likizo, mnunuzi alileta mpima ardhi kijana mwenye kipokezi cha satelaiti juu ya fito ndefu. Kijana alikuwa na adabu. Alimsalimia Jjajja vizuri na kukubali kukaa kwanza. Kisha Jjajja akachukua fimbo yake, akampeleka kwenye mulamula wa kwanza.

"Huu aliupanda baba mkwe wangu," alisema. "Ule wa kule, karibu na mtuba, niliupanda mimi na marehemu, mwaka aliozaliwa mama yake huyu."

Kijana alisikiliza, akatikisa kichwa, akamjibu kwa upole, "Jjajja, ninakuamini. Lakini nimetumwa kutafuta mawe ya hatimiliki. Mimea hii haimo kwenye karatasi yangu."

Jjajja alinyamaza kidogo. Kisha akamwuliza, "Mwanangu, hicho chombo chako kikisimama hapa kwenye mulamula, kitashindwa kuuona?"

Swali hilo limekaa kichwani mwangu kuliko mihadhara mingi. Chombo hakikushindwa. Kijana alikisimamisha, na ndani ya dakika chache kikaonyesha namba za mahali pale kwa usahihi ambao Gunter asingeuota. Alifanya hivyo kwa mimea yote tisa, akaziandika namba kwenye ukurasa wa daftari, akampa mama yangu. Mwenyekiti wa kijiji na majirani wawili walitia saini. Karatasi ile si hatimiliki, na mnunuzi hajasema kama ataiheshimu. Lakini ni mara ya kwanza kwa kibanja hicho kuandikwa popote, baada ya vizazi vitatu vya watu kulima hapo.

Zana zilizobaki katika lugha

Kwa kuwa mimi ni mwanafunzi wa lugha, siwezi kumaliza bila kutazama maneno. Neno la Kiingereza la umbali liliingia Luganda likawa mailo. Lakini ukimwambia Mganda "mailo", hafikirii umbali. Anafikiria aina ya umiliki wa ardhi. Kiswahili kililichukua neno hilohilo likawa maili, na likabaki kuwa umbali, hata likazaa majina ya mahali kama Maili Moja kule Kibaha. Neno moja limepita njia mbili kwa sababu ya mkataba mmoja.

Mnyororo wa Gunter nao bado upo mdomoni ingawa hauonekani mkononi. Madalali wa ardhi Kampala huuza viwanja kwa "hamsini kwa mia", yaani futi 50 kwa 100, na kwa "desimoli". Desimoli moja ni sehemu moja ya mia ya eka. Kwa hesabu ya Gunter, hiyo ni sehemu moja ya kumi ya mnyororo wa mraba, au vipande 1,000 vya mraba. Hatimiliki mpya huandikwa kwa hekta, mnunuzi anafikiri kwa futi, na dalali asiye mwaminifu anapima kwa hatua zake mwenyewe. Kati ya vipimo hivyo vitatu watu wengi wamepoteza pesa. Kiwanja cha futi 50 kwa 100 kina karibu desimoli 11.5. Anayeuziwa desimoli 10 kwa jina la "hamsini kwa mia" ameibiwa, na wengi hawajui.

Hitimisho

Nimeeleza kwamba Buganda ilikuwa na mipaka kabla ya ukoloni, iliyolindwa na mimea na kumbukumbu. Kwamba mkataba wa 1900 uligawa nchi kwa namba kabla ya kuipima. Kwamba mnyororo na theodolaiti zilifanya kazi kubwa na ya kitaalamu kwa zaidi ya miaka 30. Na kwamba kazi hiyo iliwaandika wenye mailo na kuwaacha wakulima nje ya ramani. Mulamula ulijua shamba linaishia wapi, lakini haukujua eka ngapi. Mnyororo ulijua eka ngapi, lakini haukuuliza ni nani anayeishi humo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kibanja kisichoandikwa ni mali ya namna hiyo.

Leo chombo cha kupimia si kizuizi tena. Kipokezi cha satelaiti kinaweza kuandika mulamula kama kinavyoandika jiwe la mpaka, na hata simu ya mkononi inaweza kukaribia, ingawa si kwa usahihi uleule. Kilichobaki ni kuamua kwamba mipaka ya wanyonge nayo inastahili kupimwa. Wazee wanaojua ni nani alipanda mulamula upi wanapungua kila mwaka, na mmea wenyewe hauwezi kutoa ushahidi mahakamani. Wanafunzi wenzangu wa Uganda wanaorudi vijijini wakati wa likizo wachukue daftari, wawafuate wazee wao shambani, na waandike kila mmea ulipandwa na nani, mwaka gani, na jirani wa upande ule ni nani. Kazi hiyo haihitaji theodolaiti, na inaweza kuanza likizo hii.